Mukwe na Mulafi

Jirani yetu mpiga picha alikuwa na macho manne: mawili aliyozaliwa nayo, na mawili ya kioo aliyoyalaza ndani ya pamba katika makopo ya maziwa ya unga. Hayo ya kioo ndiyo lenzi za mashine yake. Moja aliliita Mukwe, la pili Mulafi, na alizungumza nayo kwa sauti, akiyasifu na kuyagombeza, hata shangazi yangu akawa anauliza leo kuna mgeni gani kule ng'ambo ya ua. Nilikaa jirani naye mjini Kasongo, kwanza nikiwa msichana kwa huyo shangazi, nikijifunza kushona kwa masista, halafu nikiwa mke wa fundi mwashi. Katika miaka hiyo, minane mizima sikumpenda. Nitaeleza kwa nini, lakini si sasa hivi, maana nikianza na hasira yangu hamtamwona yeye.

Mukwe lilikuwa jicho refu. Lilitoa uso wa mtu kama ulivyo, pua mahali pa pua, lakini lilitaka nafasi. Mpiga picha arudi nyuma, arudi tena, mpaka watu wote wa harusi waenee kwenye kioo. Ndiyo sababu ya jina hilo: kwetu mwanamume akikutana na mama mkwe wake njiani hurudi nyuma, hata kama ni kuingia majanini, ili mama huyo apite. Mulafi lilikuwa jicho fupi na nene. Hilo halikuhitaji nafasi. Lilisimamishwa karibu na watu thelathini, likawameza wote pamoja na kuku waliokuwa wakipita. Ubaya wake ni kwamba lilitafuna vibaya. Waliosimama katikati walitoka salama, ila wa pembeni walivutwa, vichwa vikapanuka na mashavu yakajaa.

"Mukwe anapenda uso, Mulafi anapenda watu," alikuwa akiwaambia wazazi waliokuja kumwita. "Mwenye harusi anapashwa kuchagua. Yote mbili pamoja, haiko."

Wenye harusi hawakuchagua. Walitaka nyuso na walitaka watu, walitaka na nyumba mpya ya mabati ionekane nyuma. Kwa hiyo alikwenda mwenyewe siku moja kabla, akasimama pale ambapo bibi harusi angekaa, kisha akatembea kinyumenyume akihesabu hatua kwa sauti mpaka kisigino kigonge kitu. Kikigonga mapema, ua wa matete au tanuri ya matofali, alipumua kwa huzuni na kusema, "Basi, Mulafi atakula." Kama nafasi ilikuwa tele, aliimba njia nzima ya kurudi.

Harusi moja ya Nyangwe alikataa katakata kumtumia Mulafi kwa sababu bibi harusi alikuwa mzuri mno. Kiwanja kilikuwa kifupi, nyuma yake ni mto. Akarudi nyuma na mashine yake ya miguu mitatu, akachungulia, akarudi tena, mpaka akaingia Lualaba maji ya kiuno kati ya mitumbwi. Wavuvi walitaka kumvuta, akawafukuza. Alipiga picha hiyo akiwa majini, na ilikuwa nzuri, ila kila mtu ndani yake anacheka isipokuwa baba mkwe. Viatu vyake vilibaki mtoni. Alirudi Kasongo kwa baiskeli, pekupeku, na wiki nzima alitusimulia jinsi mdomo wa bibi harusi ulivyotoka.

Watu husema macho hayana pazia. Yake yalikuwa nalo, kitambaa kizito cheusi alichokiingizia kichwa, na humo ndani, kwenye kioo cha nyuma cha mashine, watu walionekana vichwa chini miguu juu. Jambo hilo lilimpa kiburi kikubwa. "Mimi nimewaona wakubwa wote wa hapa wako wananing'inia," alisema, "hata ule Muzungu wa pamba. Sasa nimuogope juu ya nini?" Lakini Mzungu huyo wa pamba, aliyepita kukagua mashamba ya pamba ya lazima na kuandika majina ya wavivu, akitokea tu mwisho wa barabara, mpiga picha wetu alikuwa wa kwanza kuvua kofia. Tulimcheka. Yeye alijibu kwamba kofia ni yake, anaivua anapotaka. Pamba ile iliyowatesa wazazi wetu ndiyo aliyoilalia macho yake ya kioo. Alisema hiyo ndiyo pamba pekee katika nchi nzima iliyopata kazi ya heshima.

Hakurudia picha. Vioo vya kupigia, kila kimoja cha kushika picha moja tu, vilitoka mbali, upande wa ziwa, kwa lori lililopita Kabambare likikwama kila mvua, na baadhi vilifika vimevunjika. "Harusi moja, kioo kimoja," ndiyo ilikuwa sheria. Aliyekohoa amekohoa, aliyefumba jicho amefumba. Alihesabu moja, mbili, tatu, na katika hesabu hiyo hata watoto wachanga walinyamaza, sijui kwa nini.

Yeye mwenyewe hakuwahi kunyamaza. Siri kwake ililala usiku mmoja tu, asubuhi ilikuwa imeshapita uani kwetu. Ni yeye aliyemwambia shangazi yangu kwamba binti wa katekista ana mimba, kabla ya katekista kujua. Ni yeye aliyetangaza kwamba mchumba wangu, yule fundi mwashi, amekuja kuulizia tabia yangu. "Nimemuambia uko muzuri, ila unachoma wali," akanieleza juu ya ua, bila haya yoyote. Ukitaka jambo lisijulikane, shangazi alisema, mfiche kwanza mpiga picha.

Habari iliyomfanya ajulikane mpaka Wamaza ni ile ya karani. Karani mmoja wa chifu alialikwa harusini, akaja na baiskeli mpya, akasimama nayo mwisho kabisa wa mstari ili ionekane yote. Mpiga picha alikuwa na Mulafi siku hiyo. Alikuwa na desturi yake ya kupanga: wanene katikati, wembamba pembeni, kwa kuwa Mulafi humwongezea mwili aliye pembeni. Karani alikuwa mnene tayari. Akamwomba asogee, mara moja, mara mbili. Karani akasema katikati ni mahali pa wanawake. Picha ilipotoka, kichwa cha karani kilikuwa na upana wa boga, na gurudumu la baiskeli lilikuwa yai. Picha hiyo ilizungushwa nyumba kwa nyumba. Karani alikuja kwa mpiga picha na fimbo, akamkuta anakula, akakaribishwa, akala, akaondoka na fimbo yake. Tangu hapo kila kijiji kwenye njia ile kilijua kwamba kule Kasongo kuna jicho linalonenepesha mtu wa pembeni.

Sasa nifike kwangu.

Mama yangu hakuwa na picha hata moja. Kwetu ni upande wa Wamaza, mwendo wa siku mbili kwa baiskeli, na hakuna aliyesafiri siku mbili kwenda kumpiga picha mkulima. Kwa hiyo harusi yangu ilipokaribia, mimi niliyeyajua macho yale yote mawili kwa miaka, nilikwenda uani nikamwambia mpiga picha neno langu.

"Baba, kwa harusi yangu utumie Mukwe. Nataka uso wa mama utoke vile uko."

"Kule kwenu nafasi iko?"

"Iko. Baba yangu amevuna mupunga, ni wazi mpaka ku muto."

"Basi ni Mukwe. Nimesema."

Akisema, amesema. Sikuwa na wasiwasi tena.

Nilifika nyumbani siku mbili kabla ya harusi, nikamkuta mama amekonda. Nilishtuka, nikamuuliza. Akacheka. "Ni pamba, mwanangu. Pamba imenikula." Wanawake wote wa kijiji walikuwa wamechoka mwaka ule, nikaamini. Siku iliyofuata mpiga picha akaja, akahesabu hatua zake kinyumenyume katika shamba lililovunwa, akafurahi, akaimba. Mama alimpikia wali na sombe ya majani ya muhogo, na nilipopita niliwaona wamekaa nyuma ya jiko, yeye amenyamaza, mama ndiye anayesema. Nilidhani anamshukuru kwa safari.

Asubuhi ya harusi nilimsaidia mama kuvaa. Alifunga kitenge, juu yake kingine, halafu akataka cha tatu. Nikamtania kwamba anataka kuolewa yeye. Nilikifunga mwenyewe hicho cha tatu. Kichwani alijitanda kitambaa mpaka usoni, kama ilivyo desturi kwetu: mama wa bibi harusi haonyeshi uso mbele ya watu wa bwana harusi mpaka walete mbuzi wa kumfunua, na mbuzi huyo huja baadaye, hata baada ya mtoto wa kwanza. Mpiga picha alikuwa na dawa ya desturi hiyo, na aliijivunia kuliko jambo lolote. Aliwaamuru watu wote watazame mashine. Wote wakitazama mashine, hakuna anayemtazama mwenziwe, basi mama anaweza kufunua uso kwa hesabu ya tatu na kuufunika tena, na hakuna aliyemwona ila kioo.

Tulipangwa. Mama, bila kuambiwa na mtu, alikwenda moja kwa moja mpaka mwisho wa mstari. Nikaona ni haki, awe mbali na mkwe wake. Kisha nikaona mpiga picha anafungua kopo, na halikuwa lile refu la Mukwe. Lilikuwa kopo fupi.

Bibi harusi hapigi kelele. Nilimtikisia kichwa. Aliniona, nina hakika aliniona. Badala ya kurudi nyuma katika shamba lote lile lililokuwa wazi, alisogea mbele, karibu, karibu zaidi. "Baba, si hiyo," nikasema kwa sauti ndogo. Akaingiza kichwa ndani ya kitambaa.

"Wote mutazame hapa. Hakuna kutazama mwenzake. Mama, funua. Moja. Mbili. Tatu."

Wiki chache baadaye, nikiwa tayari nyumbani kwa mume wangu Kasongo, aliniletea picha mbili, yangu na ya wakwe. Mimi nimetoka vizuri, mume wangu pia. Pale mwisho alisimama mwanamke mwenye mwili mkubwa, uso mpana, mashavu yamejaa.

"Huyu nani?"

"Mama yako."

"Mama yangu hana hii sura. Tulipatana nini mimi na weye?"

Alitazama viatu vyake. "Mukono ulikosea kopo," akasema, na huo ulikuwa uongo mbovu kuliko wote niliowahi kusikia, kwa sababu mtu huyo angeweza kuyatambua makopo yake gizani. Halafu akanyamaza. Nilimfokea, naye alinyamaza tu. Ningejiuliza kwa nini, lakini mwenye hasira hajiulizi.

Mvua zilipoanza tukaletewa habari kwamba mama amefariki. Homa, walisema. Nilipofika, alikuwa ameshazikwa. Nilirudi Kasongo nikaitoa ile picha nikaitafuta sura ya mama, nikaliona boga la karani. Mtu niliyemwamini alikuwa na kioo kimoja cha kunipa mama yangu, akakichezea. Nililia kwa uchungu ambao mpaka leo naujua mahali ulipo kifuani. Seremala alipotengeneza fremu, nilimwambia picha ni pana mno, nikakunja ile pembe kwa nyuma, mama akaingia ukutani. Iliyobaki ilikuwa picha nzuri ya harusi.

Miaka minane ilining'inia hivyo. Mpiga picha alikuja kwetu kama jirani, alikula, alicheza na watoto wangu, na kila alipoingia macho yake yaliifikia fremu, yakaondoka. Nilimsalimu kwa adabu, basi. Mama mkwe wangu naye alikuwa na nakala yake ukutani, haikukunjwa, na kila mgeni alionyeshwa. "Uone mama wa muke wa mwanangu, mwili ule. Nyumba ya watu wenye afya." Nilidhani ananicheka. Nilikuwa nakwenda jikoni.

Leo naweza kuandika yanayofuata, maana wa kuyakasirikia wote wamelala.

Mwaka wa mwisho kabla Wabelgiji hawajaondoka, mama mkwe alifariki. Tulipomaliza matanga, siku moja saa tisa mchana, kiangazi, mpiga picha alikuja na fimbo. Macho yake yale ya kuzaliwa nayo yalikuwa yameingia ukungu mweupe, alikuwa haoni ila mwanga. Mashine alishaiacha. Alikuwa anahamia Lusangi kwa dada yake, alikuja kuaga. Nilimpa kiti na maji. Akanywa yote, akaweka kikombe chini akikipapasia mahali.

"Ile picha, bado iko imekunjwa?"

Aibu ilinipata. Nikasema iko.

"Mama mukwe wako amezikwa. Sasa kinywa changu iko wazi. Kaa chini, mwanangu."

Nikakaa.

"Mama yako alikuwa na ugonjwa wa kifua. Alikuwa anaujua tangu mwaka mumoja kabla ya harusi. Ile siku nyuma ya jiko aliniambia: watu wa bwana harusi wakiona ku picha mifupa ya uso wangu, watasema hii nyumba iko na kifua, watanirudishia mutoto. Mwili ninaweza kuufunga na kitenge, uso nitaufunga na nini? Halafu akaniuliza kama ile habari ya karani ni ya kweli."

Niligeuka nikaitazama fremu ukutani.

"Nikamuambia ni ya kweli. Akasema, basi uniweke pale pa karani."

Alitafuta kikombe, kilikuwa kitupu, akakiacha. Alisema alimkatalia. Alimwambia picha haisemi uongo, kwamba ameahidi Mukwe, kwamba binti ataumia. Mama akamjibu: "Haitasema uongo. Itanionyesha vile nilikuwa wakati huyu mutoto iko mugongoni kwangu. Uongo ni hii mifupa." Kisha akamwapisha anyamaze mpaka mama wa bwana harusi aende kaburini, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuvunja ndoa.

"Siri zingine zote nilitapika, unanijua. Hii nilimeza."

"Na ulikubali nikuchukie miaka minane?" nikamuuliza. Sauti yangu ilitoka kali, sikuitaka hivyo.

"Ulikuwa unanichukia," akasema, "lakini ulikuwa kwa bwana yako."

Nilisimama, nikashusha fremu, nikaondoa misumari kwa kisu. Nilikunjua ile pembe polepole, nikiogopa itakatika. Haikukatika, ila alama ya kukunjwa ilibaki, mstari mweupe unaopita kwenye bega la mama, na huo ni wangu, hakuna jicho la kioo la kulisingizia.

"Niambie iko namna gani," akasema. "Mimi sioni tena."

Nikamwambia. Mashavu yamejaa. Kipaji cha uso kipana. Na nilipokuwa nikimweleza nilimkumbuka mama wa zamani, aliyenibeba kwenda mtoni, ambaye shavu lake niliweza kulibana kwa mkono mzima. Nilikuwa nimemsahau. Yule mkondefu wa siku tatu za harusi alikuwa amemfuta, nami nikadhani huyo ndiye mama.

"Na macho? Anatazama wapi?"

Nilisogeza picha kwenye mwanga wa mlango. Watu thelathini walitazama mashine. Mmoja hakuitazama. Kwa hasira yangu sikuwahi kuliona hilo.

"Ananitazama mimi."

Mzee alikunja uso, amekasirika kabisa, kana kwamba kioo bado kiko mkononi na harusi inaweza kurudiwa. "Nilisema wote watazame hapa," akasema. "Ule mama hakusikia." Halafu akajifuta macho kwa kile kitambaa laini alichokuwa akifutia lenzi, akaomba nimshike mkono mpaka barabarani. Nilimshika. Sikumwomba msamaha kwa maneno. Nilimfungia wali wa njiani, ambao sikuuchoma.

Mwezi uliofuata shangazi wa mume wangu alitujia kutoka Nyangwe na samaki wakavu. Alikuwa hakuja harusini, na katika ukoo ule sasa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa wanawake. Alizunguka chumba akikagua kila kitu, akafika kwenye fremu, akasimama.

"Huyu mama wa mwisho, mwenye mwili, ni nani?"

"Ni mama yangu."

Aliinama karibu, akatazama kwa muda mrefu. "Kumbe alikuwa na afya namna hii. Sasa kilimuua nini?"

Nilichukua samaki mikononi mwake.

"Alikuwa na afya, shangazi," nikasema. "Ni homa tu ilimubeba."